Hoki ya barafu: chuo kikuu au ligi ya vijana?

Mwaka 2022 kijana wa Ontario, Kanada, mwenye umri wa miaka 16 aliichezea timu ya Windsor Spitfires ya ligi ya vijana ya OHL mechi mbili, tena za kirafiki. Baadaye nafasi yake ya kucheza katika vyuo vikuu vya Marekani ikaota mbawa kwa sababu ya mechi hizohizo. Agosti 2024 kesi yake ilifunguliwa katika mahakama ya Buffalo, jimbo la New York.

Kanuni iliyomnasa ilikuwa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani. Kwa miaka mingi NCAA ilizihesabu ligi tatu za vijana za Kanada (OHL, WHL na QMJHL, ambazo kwa pamoja huitwa CHL) kuwa za kulipwa. Hoja yao ilikuwa kwamba baadhi ya wachezaji wa ligi hizo wameshasaini na klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na kwamba wachezaji hupewa posho. Posho yenyewe haizidi dola 600 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo ya nauli na vitafunwa, mtoto wa miaka 15 au 16 alilazimika kuchagua upande, na akishachagua hakuna kurudi nyuma.

Tarehe 7 Novemba 2024 baraza la daraja la kwanza la NCAA lilipiga kura kuiondoa kanuni hiyo, na mabadiliko yakaanza tarehe 1 Agosti 2025. Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse huko Yukon, alikuwa ametoka kupata pointi 129 katika mechi 56 akiwa na Medicine Hat Tigers ya WHL. Julai 2025 akatangaza anakwenda Penn State, chuo kikuu cha Marekani. Miaka miwili nyuma hatua hiyo isingewezekana. Walioachwa nje ya ruhusa hii ni wale ambao tayari wana mkataba na klabu ya NHL.

Kwa hiyo wazazi wanaotuuliza sisi washauri “njia ipi ni bora?” huwa tunawarudisha kwenye swali jingine: mwanao amekua kiasi gani, na ratiba ipi itamfaa sasa hivi?

Tuanze na ratiba, maana hapo ndipo tofauti ilipo. Timu ya WHL au OHL hucheza mechi 68 kabla ya mtoano, si mbali sana na idadi ya NHL. Kuna wikiendi zenye mechi tatu kwa siku tatu, na kati yake ni basi. Kutoka Prince George hadi Kamloops pekee ni zaidi ya kilomita 500, na barabara ni ya theluji. Kijana huishi na familia mwenyeji, husoma sekondari kwa kubanana, na hujifunza mapema kucheza akiwa amechoka. Wapo wanaochanua humo. Nyota wa NHL Connor McDavid alipita Erie Otters ya OHL, mwenzake Connor Bedard akapita Regina Pats ya WHL na kufunga mabao 71 katika msimu wake wa mwisho.

Chuoni mechi huwa Ijumaa na Jumamosi, kati ya 34 na 40 kwa msimu. Siku nyingine ni za darasa, barafu na vyuma. Kwa kijana mwembamba, hizo siku nne za kunyanyua vyuma kila wiki zina thamani kuliko mechi 30 za ziada. Ila wapinzani ni watu wazima: kijana wa miaka 18 anaweza kukutana kwenye kona na beki wa miaka 23 mwenye ndevu. Asiyekuwa tayari hukaa benchi, na benchi halimkuzi mtu.

Macklin Celebrini alikuwa tayari. Akiwa na miaka 17 alipata pointi 64 katika mechi 38 akiwa na Chuo Kikuu cha Boston, akatwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo, kisha klabu ya San Jose ikamchagua wa kwanza katika uteuzi wa vijana wa NHL mwaka 2024. Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni Cale Makar. Medicine Hat haohao walikuwa wamemchagua akiwa mdogo, yeye akabaki na Brooks Bandits katika ligi ya chini ya Alberta ili asipoteze nafasi ya chuo. Akakaa misimu miwili Chuo Kikuu cha Massachusetts (UMass), akashinda Hobey Baker mwaka 2019, na mwaka 2022 akabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, akiwa mchezaji bora wa mtoano. Makar hakuharakishwa na mtu.

Kuhusu ada, WHL humlipia kijana mwaka mmoja wa masomo kwa kila msimu aliocheza. Mlango wa vyuo vya Marekani ulipokuwa umefungwa, wengi waliitumia fedha hiyo katika vyuo vya Kanada. Someni masharti ya muda wa kuidai kabla ya kuweka saini, maana haisubiri milele. Na msidhani kila chuo cha NCAA hutoa ufadhili wa michezo. Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League hawautoi, hutazama kipato cha familia.

Mzazi akienda kuonana na kocha, asiulize mwanawe atafunga mabao mangapi. Aulize atacheza dakika ngapi, na nani atamfuatilia siku za Jumatatu hadi Alhamisi.