Jasho halitoi sumu iliyojificha mwilini

Baridi ya Juni na Julai ikishika Makete, Mufindi na Tukuyu, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: watu wa nyanda za juu hawatoki jasho, hivyo sumu hujificha mwilini, na dawa yake ni kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka ulowe.

Si kweli. Kazi kubwa ya jasho ni kupoza mwili. Karibu asilimia 99 yake ni maji, na kinachobaki zaidi ni chumvi. Ini ndilo huvunjavunja pombe na dawa. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikarudisha karibu yote na kutoa lita 1 hadi 2 za mkojo, jasho litoke au lisitoke. Tena kwenye baridi wengi wetu hukojoa zaidi, jambo ambalo kila mtu wa huku analijua.

Unaweza kuhakiki kwa mizani: uzito unaopungua baada ya kujifukiza hurudi ukishakunywa maji.

Kinachowachanganya watu ni harufu. Jasho likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wa kwenye ngozi ndio huligeuza likanuka. Na ule wepesi unaousikia baadaye ni misuli iliyolegezwa na joto.

Tafadhali, ukiletewa ujumbe huo usiusambaze. Kuna mzazi atakayemfunika mtoto wake juu ya sufuria hiyo, na maji ya moto yakimwagika huunguza vibaya.