Jibu lilikuwa sahihi, ila sikusikia lilikotoka

Juzi saa tano usiku kijana mmoja wa Nyegezi alinipigia simu, sauti imekauka. "Dada, maswali yote nilijibu. Programu ilifanya kazi, majibu yakatoka sahihi, na bado wamenikataa. Hizi kampuni za nje kama huna mtu ndani hazikuchukui." Ni wa nne tangu mwaka uanze, na maneno yao ni yale yale. Kumjibu mmoja mmoja kwa simu kumenichosha, kwa hiyo naandika.

Nasaili kwa video developa, yaani waandishi wa programu za kompyuta, wanaoomba kazi kwenye kampuni ya nje ninayoifanyia kazi nikiwa hapa hapa Mwanza, huu ni mwaka wa sita. Usaili ukiisha naandika ripoti, kurasa mbili hivi: mtu aliuliza nini, alianzia wapi, alikwama wapi, alijikwamuaje. Ripoti hiyo inasomwa na watu ambao hawajawahi kumwona wala kumsikia. Google nayo imejulikana kwa miaka mingi kwa utaratibu wa aina hii: wasaili wanaandika, kisha kamati inasoma na kuamua. Maana yake, mdogo wangu, wanaoamua hawalioni jibu lako kama unavyoliona wewe. Wanasoma nilichosikia. Kama sikusikia kitu, sina cha kuandika.

Chukua swali dogo. Una orodha ya uzito wa makreti ya samaki pale Mwaloni, Kirumba. Tafuta makreti mawili ambayo kwa pamoja yanafika kilo 100 kamili. Wengi wanarukia lupu mbili, moja ndani ya nyingine, yaani kila kreti linalinganishwa na mengine yote, na jibu linatoka. Kwa makreti 10,000 hiyo ni jozi karibu milioni 50 za kukagua. Ukitumia hashimapu, daftari la programu linalokumbuka yaliyopita na kuyapata papo hapo, unapita orodha mara moja tu: umeshika kreti la kilo 38, unauliza kama la 62 limeshapita. Hapo hatua ni kama 10,000. Hili wanalijua, wamelikariri.

Wasichofanya ni kuniuliza. Orodha imepangwa au haijapangwa? Kreti moja la kilo 50 naweza kulihesabu mara mbili? Kama hakuna jozi nirudishe nini? Swali nimeliacha na mapengo kwa makusudi, kwa sababu kazini hakuna mteja atakayekuletea swali lililokamilika. Aliyeuliza kama orodha imepangwa ameshanionyesha kwamba anaiona njia ya tatu, ya vidole viwili juu ya orodha iliyopangwa, kimoja mwanzo na kingine mwisho, vikisogeleana, ambayo haihitaji kumbukumbu ya ziada ya kompyuta. Hata asipomaliza kuiandika, mimi nimeshaandika.

Sasa nifike kwenye kinachonikera, yaani kimya. Mtu anasoma swali, anainama, dakika tisa haongei. Halafu anaandika mistari kumi na miwili bila kufuta hata mmoja, anasema "nimemaliza," ananitazama. Yeye anaamini amefanya vizuri kuliko wote. Mimi nimeshika kalamu sina neno. Je, amefikiri? Amekariri? Siku hizi kuna swali la tatu: je, kuna kompyuta nyingine pembeni inayomwandikia? Mwaminifu na mdanganyifu wakikaa kimya hivyo, mbele yangu wanafanana, na hilo linaniuma kwa sababu najua wengi ni waaminifu.

Wengine wakisikia hivi wanageuka kasuku, wanaongea mfululizo hadi wanapotea. Sijaomba hivyo. Nenda kwa fundi wa injini za boti yeyote hapa ziwani, mpelekee injini isiyowaka. Fundi mzuri atakwambia, "Ngoja kwanza nitoe plagi. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, basi nitazame moto. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, nitafuata mpira na kabureta." Kisha ananyamaza, anafungua plagi. Maneno machache tu, lakini wewe uliyesimama pale unajua anakwenda wapi na kwa nini. Akikosea utaona amekosea wapi. Nataka hivyo hivyo: dhana yako, jinsi utakavyoipima, na utakachofanya ikivunjika.

Na kunyamaza kunaruhusiwa! Sema tu, "Naomba dakika mbili nichore kwanza." Sijawahi kumpunguzia mtu kwa hilo. Kimya ulichokiomba ni kazi, na nakiandika hivyo. Kimya kisicho na maelezo hakinipi chochote.

Lugha: lafudhi hainisumbui, na sarufi siiandiki kwenye ripoti. Hata hivyo, kuhesabu kichwani kwa Kiswahili au Kisukuma huku unasimulia kwa Kiingereza ni mzigo wa kweli, na anayekwambia si kitu hajawahi kuubeba. Ndiyo maana fanya mazoezi kwa sauti, kwa Kiingereza, mbele ya mtu. Kusoma maswali 300 kitandani hakuufundishi mdomo.

Saa: ukipangiwa usaili kwa saa za California, kumbuka iko nyuma yetu kwa saa 10 wakati wa kiangazi chao, na 11 wakati wa baridi. Saa nne asubuhi yao ni saa mbili usiku yetu, ila kuanzia Novemba inakuwa saa tatu. Andika ya Mwanza kwenye karatasi. Laptopu ijazwe chaji mchana, na bando la simu liwe tayari. Umeme ukikatika sema, tutapanga siku nyingine.

Na lile la "mtu ndani." Anayekufahamu anaweza kufanya wasifu wako usomwe mapema. Sikatai. Lakini ukishaingia kwenye usaili, ripoti naiandika mimi, na simjui huyo mtu wako.

Lipo jambo moja linaloninyima usingizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na mwenzao wa Microsoft, walichapisha jaribio la wanafunzi 48. Nusu walitatua swali ubaoni huku wakitazamwa na kutakiwa kusema wanachowaza, nusu wakakaa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi kwamba ufaulu wao haukufika hata nusu ya wenzao. Wanawake walikuwa wachache mle, lakini wanawake waliotazamwa wote walishindwa, na wanawake waliokaa peke yao wote walifaulu. Nilisoma mara mbili. Kwa hiyo hiki ninachokipima, ni uwezo wa kufikiri au ni uwezo wa kufikiri ukiwa umekodolewa macho? Sina jibu ninaloliamini lote. Kazini mtu husimulia mawazo yake kwa wenzake, hilo ni kweli. Ila wenzake hawamkodolei macho kwa dakika 45 wakiwa wameshika kalamu.

Kuna binti nilimsaili, alikuwa wa dakika tisa. Jibu lake lilikuwa safi kuliko langu. Niliandika ukweli: "Jibu sahihi, sikuweza kuona alivyolifikia." Akakataliwa. Tangu hapo, kabla swali halijaanza, namwambia kila mtu kwamba anaweza kuzima kamera na kukaa peke yake dakika kumi, halafu arudi anisimulie alichojaribu na alichokitupa. Wengi wanakubali, na wakirudi wanaongea. Yule binti hakupewa dakika hizo, na kampuni hairuhusu nimtafute.

Kijana wa Nyegezi ana usaili mwingine Alhamisi, saa tatu usiku. Jumatano anakuja kwangu na lile swali la makreti, na nimemwambia aje na mdogo wake wa kidato cha pili akae akimsikiliza.