Glaukoma haitokani na mfereji wa machozi

Ukiambiwa glaukoma, ile tunayoiita presha ya macho, huja maji ya jicho yanaposhindwa kutoka, ni rahisi kudhani ni machozi. Siyo. Machozi huosha jicho kwa nje na kuishia puani. Ndiyo maana mtu akilia, kamasi humtoka. Maji yanayohusika hapa yako ndani. Hutengenezwa nyuma ya irisi, ile duara yenye rangi ya jicho, hupita kwenye tundu la mboni, kisha huelekea pembeni, kwenye pembe ambapo irisi inakutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Hapo pana tishu yenye vitundu vidogo mno, mfano wa dodoki la kuogea, inayoyapitisha hadi kwenye mfereji mwembamba uitwao mfereji wa Schlemm na mwishowe kwenye damu.

Katika glaukoma iliyoenea zaidi Afrika, pembe hiyo iko wazi. Daktari akichungulia haoni kizibo. Tishu yenyewe ndiyo imekuwa nzito kupitisha maji. Presha hupanda polepole, bila maumivu, na neva ya jicho, inayopeleka picha kwenye ubongo, huumia. Wengine huugua hata presha ikiwa chini ya milimita 21 za zebaki, yaani ndani ya kiwango cha kawaida, kwa hiyo neva nayo ikaguliwe. Dawa ya matone hupunguza maji au huyafungulia njia. Uoni uliopotea hairudishi.