Kwa nini njia za shaba hupindapinda karibu na RAM?

Ukiuchunguza ubao mama wa kompyuta, kati ya prosesa na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), utaona njia nyembamba za shaba zikipinda kwenda na kurudi ilhali jirani zake zimenyooka. Wengi huelezwa kwamba njia zote za kumbukumbu ni lazima ziwe na urefu mmoja. Maelezo hayo si sahihi, na madhara yake si madogo, kwani msanifu anayeyafuata huujaza ubao mapindo yasiyohitajika, na kila pindo lina gharama yake.

Kinachopaswa kulingana ni muda wa kufika, tena ndani ya kundi tu. Katika kumbukumbu nyingi za DDR, aina ya RAM iliyoenea kwenye kompyuta, data husafiri kwa makundi ya njia 8, na kila kundi lina strobu yake, yaani ishara inayomwambia mpokeaji asome wakati gani. Chukua msafara wa harusi ambao kila gari limebeba watu 8 na mpiga picha wao. Mmoja wa watu hao akichelewa kujipanga, picha itatoka bila yeye. Lakini gari la pili likichelewa, picha ya gari la kwanza haiharibiki, kwa kuwa la pili lina mpiga picha wake. Vivyo hivyo, njia 8 hulinganishwa na strobu yao, si na njia za kundi jingine.

Hata tofauti kati ya makundi hukubaliwa kwa makusudi. Tangu DDR3, kizazi cha tatu cha DDR, ambacho shirika la viwango la JEDEC lilitoa kiwango chake mwaka 2007, mapigo ya saa (ishara inayoongoza mwendo wa chipu) na anwani (mahali data ilipo) hupita chipu moja baada ya nyingine, hivyo chipu ya mwisho huyapokea baadaye. Kompyuta inapowashwa, kidhibiti cha kumbukumbu hupima tofauti hiyo, kisha huchelewesha strobu ya kila kundi kwa kiasi chake. Ni ufumbuzi wa kupendeza mno: kazi ambayo ingedai shaba nyingi hufanywa na saketi ndani ya chipu.

Ndani ya kundi, hata hivyo, nafasi ni finyu. Kwenye ubao wa kawaida wa nyuzi za kioo na epoksi, ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. DDR4-3200, aina mojawapo ya kizazi kilichofuata DDR3, huipa kila biti pikosekunde 312.5 tu (pikosekunde 1,000 ni nanosekunde 1). Tofauti ya milimita 1 hula karibu pikosekunde 7, na ya milimita 25 hula zaidi ya nusu ya muda wa biti.

Wala rula peke yake haitoshi. Ishara hukimbia zaidi kwenye tabaka la nje la ubao kuliko la ndani, na nyaya zilizo ndani ya kifuniko cha chipu huongeza urefu usioonekana. Mapindo yakibanana, sehemu ya ishara huruka kutoka pindo hadi pindo na kutangulia kufika, ingawa kiasi chake hutegemea nafasi kati ya mapindo na urefu yanaokwenda sambamba. Ndiyo maana miongozo mingi ya watengenezaji wa chipu huweka mipaka hiyo kwa pikosekunde badala ya milimita.