Nahodha si mwalimu

Nina mpwa wangu anaishi Melbourne, na ugonjwa wa mji ule umeshamshika: futiboli ya Kiaustralia. Ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, kwenye uwanja nao wenye umbo la yai, milingoti minne kila upande, wachezaji 18 kwa 18. Ukiuita raga hatakujibu siku mbili. Kila Jumapili ananitumia sauti kwenye WhatsApp, na juzi kaja na hii: "Shikamoo mjomba. Leo nakupa kisa cha Ron Barassi, nahodha aliyepindua meza mbele ya Collingwood fainali ya 1970."

Marahaba. Lakini Barassi hakuwa nahodha siku ile. Hakuwamo hata kikosini. Alikuwa kocha wa Carlton, klabu iliyocheza na Collingwood siku ile, na nahodha wake aliitwa John Nicholls. Hii ni mara ya tatu nasikia kosa hilohilo kwa kijana huyuhuyu. Ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikakohoa.

Nahodha wa timu ni mchezaji aliyekabidhiwa kuwaongoza wenzake huku naye akiwa uwanjani anakimbia nao. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Si lazima awe ndiye hodari kuliko wote, wala si lazima avae kitambaa. Mpwa alipokuwa mgeni kule aliwahi kunitumia kipande cha video akisema nahodha ni yule mwenye kitambaa cheusi mkononi. Nikamwambia ahesabu vitambaa. Kumbe timu nzima ilikuwa navyo, maana kule kitambaa cheusi mkononi ni cha msiba.

Neno lenyewe tumelitoa baharini, na sielewi kwa nini tunalitumia kama limeokotwa kwenye gazeti la michezo. Asili yake ni Kiajemi: "nav" ni chombo, "khuda" ni bwana au mwenyewe. Khuda huyohuyo ndiye Waajemi wanayemwita Mungu mpaka leo. Bwana wa chombo, basi. Waarabu wa Ghuba wakalichukua, Wamalay wakalichukua, na sisi watu wa pwani tukalipata kwa upepo uleule wa kaskazi ulioleta tende na mazulia. Waaustralia kwa upande wao wana neno la Kiingereza lililotoka kwenye Kilatini cha "kichwa", lakini wakiwa na furaha nahodha wao humwita skipa, ambalo ni la Kiholanzi, kutoka "schip", yaani meli. Kwa hiyo hata wao, kwenye nyasi katikati ya jiji, wanamtafuta mtu wa baharini.

Kwenye vyombo vikubwa vya Bahari ya Hindi nahodha hakuwa peke yake. Yeye alikuwa mkuu wa safari, mara nyingine mwenye mali au wakala wa mwenye mali, na ndiye aliyesema tunakwenda wapi. Wa kujua tunafikaje alikuwa mtu mwingine, aliyesoma nyota na kukumbuka miamba, na jina lake lilikuwa muallim. Wareno walipochukua mwongoza njia Malindi mwaka 1498, waliandika cheo chake kwa masikio yao ya Kireno: "Malemo". Ni mwalimu huyo! Na leo ukienda uwanja wowote Tanzania, kocha tunamwita nani? Mwalimu. "Mwalimu kafanya mabadiliko dakika ya sitini." Watu wawili wametoka kwenye chombo kimoja na majina yao, wametua kwenye mpira na kazi zao zilezile, halafu sisi tunawachanganya.

Nakiri kwamba kwenye vyombo vidogo mtu mmoja alibeba kofia zote mbili, na hapo ndipo kidogo ninamsamehe mpwa. Futiboli ya Australia nayo ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Walikuwapo manahodha waliokuwa papo hapo makocha: mtu anapanga kikosi, anafoka chumba cha kubadilishia nguo, halafu anafunga kamba za njumu na kutoka kwenda kugombania mpira na wale aliowafokea. Dick Reynolds aliishika klabu ya Essendon namna hiyo kuanzia 1939 hadi 1950 na kuchukua ubingwa mara nne. Carlton ndio waliozidi kutuchanganya. Nicholls, yule nahodha wa 1970, alitwaa ubingwa wa 1972 akiwa nahodha na kocha kwa pamoja. Mwaka 1979 Alex Jesaulenko akafanya vilevile, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeweza. Kazi ya ukocha ilikua mno.

Sasa Barassi. Alizaliwa 1936 Castlemaine, jimbo la Victoria. Baba yake, naye Ron, alikuwa bingwa na klabu ya Melbourne mwaka 1940, akaenda vitani na kuuawa Tobruk, Libya, 1941, mtoto akiwa na miaka mitano. Mtoto alipokua, Melbourne walitaka acheze alikocheza baba yake, na ndipo sheria ya baba na mwana, ile inayoiruhusu klabu kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani, ikamfungulia mlango. Akavaa namba 31, namba ya marehemu. Akakaa nyumbani kwa Norm Smith, kocha wa Melbourne, ambaye zamani alicheza timu moja na baba yake. Hebu litazame hilo: kocha na nahodha wa kesho wanakula meza moja, wanaishi nyumba moja, na bado kila mmoja ana kazi yake. Barassi alikuwa nahodha kuanzia 1960, akachukua ubingwa mwaka huohuo, na tena 1964 walipoifunga Collingwood kwa pointi 4 tu, 64 kwa 60. Smith alikuwa pembeni ya uwanja. Barassi alikuwa ndani, akipigwa viwiko.

Kisha akaondoka. Carlton walimpa alichokuwa hana, ukocha, na mwaka 1965 akaenda kwao kuwa nahodha na kocha kwa mkupuo. Wapenzi wa Melbourne walilia kama wamefiwa, na walikuwa na haki: klabu yao haikuuona ubingwa tena mpaka 2021.

Hiyo 1970 anayoisimulia mpwa ilikuwa na watazamaji 121,696. Mapumziko Carlton wako nyuma kwa pointi 44. Barassi akawaambia waache kubutua, wapasiane kwa mkono, yaani mpira unashikwa kiganja hiki na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili kwenda kwa mwenzio. Akamtoa benchi kijana Ted Hopkins, naye akafunga magoli manne. Carlton wakashinda kwa pointi 10. Yote hayo ni kazi ya mwalimu: kaona mwamba, kabadilisha njia. Aliyebeba agizo lile mpaka katikati ya Collingwood wenye hasira ni Nicholls na wenzake.

Kuna na hili la manahodha wawili, kwa kuwa najua ataniuliza. Port Adelaide, ambao nahodha wao huvaa jezi namba 1, mwaka 2019 waliteua wawili, mashabiki wakanung'unika, na 2020 wakarudi kwa mmoja. Wahenga wetu wangewaambia mapema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ila Sydney walichukua ubingwa wa 2012 na manahodha wawili, Adam Goodes na Jarrad McVeigh, na chombo hakikuyumba hata kidogo, kwa hiyo methali hii siitumii sana mbele ya watu wa Sydney.

Basi mpwa wangu, ukikisimulia tena kisa cha 1970, sema kocha Barassi, nahodha Nicholls. Cha 1964 sema nahodha Barassi, kocha Smith. Cha 1965 mwite upendavyo, sitakohoa.