Akishinda Mashindano Ndiyo Ametoka? Bado Sana

Nafundisha piano Nairobi, na hakuna muhula unaopita bila mzazi kuniuliza: "Mwalimu, huyu akishinda yale mashindano ya Ulaya si atakuwa ametoka?" Nimechoka kujibu kwa upole.

Ushindi unaleta fedha, maonyesho ya msimu mmoja au miwili, pengine na wakala. Kisha mashindano yale yale yanapata mshindi mwingine, na simu zinahamia kwake. Mtazame mpiga piano Eric Lu. Mwaka 2015 alishika nafasi ya nne katika Mashindano ya piano ya Chopin, Warsaw, Poland. Mwaka 2018 akashinda mashindano ya Leeds, Uingereza. Kwa hesabu ya wazazi ninaowasikia, huyo alishamaliza kazi. Mbona basi mwaka 2025 alirudi Warsaw kupangwa foleni na vijana wengine? Safari hiyo alishinda. Ivo Pogorelich naye alitolewa Warsaw mwaka 1980 kabla ya fainali. Martha Argerich, mpiga piano aliyekuwa jaji, akajiuzulu kwa hasira, na jina la Pogorelich likavuma kuliko la wengi waliofika fainali. Maurizio Pollini alishinda huko huko Warsaw mwaka 1960 akiwa na miaka 18, kisha akapunguza sana maonyesho ili aendelee kujifunza.

Kazi inajengwa na kualikwa mara ya pili. Na hiyo mara ya kwanza, mara nyingi ni kuziba pengo. Januari 1963 mpiga piano Glenn Gould alishindwa kucheza na okestra ya New York Philharmonic. Akaingia André Watts, miaka 16, na konseto (utunzi mrefu wa piano na okestra) ya kwanza ya Liszt. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Watts kushindwa, na Lang Lang wa miaka 17 akacheza konseto ya kwanza ya Tchaikovsky na okestra ya Chicago Symphony. Konseto hiyo hiyo ndiyo Yuja Wang aliyoicheza Boston mwaka 2007 alipochukua nafasi ya Argerich. Hakuna kati yao aliyeanza kuijifunza baada ya simu kulia. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu wakubwa wawe na konseto mbili vidoleni muda wote, bila kitabu, hata kama hakuna aliyewaita. Wananuna. Wanune tu.

"Amepita gredi ya nane," ule mtihani wa gredi ya juu. Hongera. Ni vipande vitatu, skeli na majaribio kadhaa. Konseto ya tatu ya Rachmaninoff peke yake ni kama dakika 40, na msimu mmoja unadai konseto kadhaa pamoja na programu nzima ya kupiga peke yako.

"Asipoanza na miaka mitatu amechelewa." Sviatoslav Richter alijifundisha kwa sehemu kubwa, akaingia darasa la mwalimu Neuhaus kule Moscow akiwa na miaka 22.

Kuna pia wanaoamini msanii husafiri na piano yake. Horowitz alifanya hivyo, Krystian Zimerman pia, lakini hao ni wa kuhesabika. Piano kubwa ya ukumbini ya kampuni ya Steinway ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 500. Wengine wote wanaikuta iliyopo. Mchana wa onyesho utamwona msanii anapita vitufe vyote 88 polepole, kwa sauti ya chini kabisa, akisaka kile kinachokwama. Anakanyaga pedali kujua inashikia wapi. Kisha anabishana na fundi wa piano. Gould alibeba hata kiti chake.

Na fedha? Malipo mnayosoma magazetini si yanayofika mfukoni. Marekani kwa kawaida inakata kodi ya asilimia 30 kwa msanii mgeni kabla hajalipwa, wakala anachukua sehemu yake, na mara nyingi ndege na hoteli ni juu ya msanii. Mwenye pasipoti ya Kenya aongeze viza, na aanze kuitafuta mapema.