Shimo la kokoto halisubiri mwisho
Wengi wanaamini kokoto zikiisha ndo watu wanaanza kuwaza kufukia shimo. Sio kweli, urejeshaji wa ardhi, yani kuifanya ifae tena baada ya kuchimbwa, unatakiwa upangwe kabla hata ya kupanua machimbo, yani huku wanachimba kipande kipya, kule nyuma kilichoisha kinasawazishwa. Kitu cha kwanza ni udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, unakwanguliwa unawekwa pembeni peke yake, ukichanganywa na wa chini hata majani yanaota kwa shida (na kuna wanaouuza, basi tena). Kingo zinalazwa, mara nyingi mita 3 za mlalo kwa mita 1 ya kushuka, zisiporomoke. Shimo likishapita usawa wa maji ya ardhini, mara nyingi halifukiwi, linaachwa liwe bwawa.